Kamba Inayoshuka

Mwalimu alinivunja kidole cha pete kwa sababu ya milimita mbili. Nataka hilo lijulikane mapema, maana waliosoma kwake hapa Kolwezi wakikutana siku hizi humsifu mpaka mgeni adhani wanamzungumzia mtakatifu wa kanisani. Hakuwa mtakatifu. Alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana, suruali yake imepigwa pasi mpaka mkunjo unatisha, na mkononi alishika rula ya ubao ya mita nzima, ya mbao ngumu, ambayo upande mmoja ilikuwa na namba na upande wa pili ilikuwa imelainishwa na viganja vyetu.

Alifundisha kuchora na kupima katika shule moja ya ufundi huko Dilala, tawi la ujenzi. Darasani wasichana tulikuwa wawili, mwenzangu akaolewa kabla ya Pasaka, nikabaki peke yangu kati ya wavulana thelathini. Sikupendelewa kwa hilo hata siku moja. Mwalimu alisema kiganja hakina mwanamume wala mwanamke, kuna mstari ulionyooka na mstari uliopinda, basi.

Kuhusu ukoo wake sina la kusema. Wengine walidai wazee wake waliletwa kutoka Kasai kwa kazi za mgodi, wengine walimtaja kuwa mtu wa kaskazini ya Katanga. Yeye mwenyewe akiulizwa alijibu, "Mi natoka ku ziro," yaani pale rula inapoanzia. Aliyecheka alipigwa.

Vyombo vyake vilikuwa vinne na vilitundikwa ukutani, kila kimoja juu ya picha yake iliyochorwa kwa chaki nyeupe: ile rula, ekeri, yaani pembetatu ya mbao yenye pembe ya mraba, raporteri, ile nusu duara kubwa yenye namba za kupimia pembe, na kompasi ya ubao yenye msumari mguu mmoja na chaki mguu wa pili. Ukirudisha ekeri nje ya picha yake kwa upana wa uzi, alikuita. Kompasi ndiyo tuliyoiogopa kuliko vyote, kwa sababu aliirusha. Wazee husema fimbo ya mbali haiui nyoka, na sisi wa nyuma tulijifariji hivyo wiki ya kwanza. Wiki ya pili ule msumari ulisimama kwenye dawati la mvulana mmoja, katikati ya kidole cha shahada na cha kati, na yule mvulana akakojoa pale pale alipokaa. Mwalimu akaenda polepole, akaung'oa, akatazama tundu lililobaki kwenye mbao. "Sasa uko na katikati," akamwambia. "Chora duara."

Na yule mvulana alichora. Machozi yakimdondoka, alichora duara ambalo sijaona lingine zuri kama lile.

Kipimo cha adhabu kilikuwa wazi, hilo siwezi kumnyima. Digrii moja ya kosa, fimbo moja. Milimita moja, fimbo moja. Hakupiga kwa hasira ya nyumbani kwake, wala kwa sababu hukulipa ada, wala kwa sababu baba yako ni nani. Mtoto wa mkubwa wa serikali ya komuni alipigwa sawasawa na mtoto wa muuza makaa. Mimi nilikosea milimita mbili katika kuchora ngazi. Fimbo ya kwanza ilianguka kwenye nyama, ya pili ikaanguka kwenye mfupa.

Mama yangu alipoona kidole kimevimba aliniuliza, "Alikupiga juu ya nini?"

"Juu ya milimita mbili."

"Milimita mbili iko kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa ukucha. Mama alichukua mchi wa kutwangia majani ya sombe, akakaza kitenge kiunoni, akatembea mpaka shuleni, mimi nyuma yake nikilia kwa aibu zaidi kuliko maumivu. Aliingia darasani bila hodi na kumshushia Mwalimu mchi wa bega. Mlio wake tuliusikia sote. Mwalimu aliweka chaki mezani, akamgeukia.

"Mama, uko unakamata mubaya. Ukamate ku mwisho. Hapo katikati utajiumiza mukono."

Mama akashika mwisho, akampiga tena, na Mwalimu akapiga goti. Halafu aliinuka, akapangusa goti, akaokota chaki, akaendelea na somo. Lilikuwa somo la pembe mbili ambazo zikijumlishwa zinafika tisini: ukiijua moja, toa kwenye tisini, utaipata ya pili. Wenzangu wote walilikumbuka somo lile hadi mtihani wa taifa.

Jioni ile alikuja kwetu, mkono mmoja ukining'inia, amebeba vipande viwili vya rula iliyovunjika na kitambaa safi. Akaketi kwenye kibao cha jikoni, akakiweka kidole changu kati ya vipande viwili, akafunga. Alikuwa na mikono myepesi ajabu. Mama alimwandalia bukari, ugali wetu, na samaki mkavu, kwa maana mgeni ni mgeni hata kama umempiga, naye akala kwa mkono wa kushoto, akashukuru, akaenda. Kidole kilipona lakini kimepinda digrii saba. Nimekipima.

Mtu wa namna hiyo utamwelezaje? Nyumba yake mwenyewe, nyumba ya zamani ya kampuni kama zetu, ilikuwa imeinama upande mmoja na mlango ulifungwa kwa teke. Karatasi nyeupe aliibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, lakini vichwa vya watoto wa watu aliviparaza kwa rula. Wajane waliogombania mpaka wa kiwanja aliwapimia bure. Mbwa wa jirani alikuwa akimfuata mpaka shuleni, naye alimgawia nusu ya mkate wake, kisha akaingia darasani na kututoa damu.

Mara moja tu alitueleza kwa nini. Mvua ilikuwa inapiga bati, hatukusikiana, akaacha kufundisha na kuketi juu ya meza. Alituambia kwamba ujanani alishika kamba ya kupimia chini ya ardhi, na siku moja mtu wa ofisini alichora njia mpya ikakosea kidogo, ikatoboa njia ya zamani iliyojaa maji. Alisaidia kuwatoa watu waliokuwa ndani. Hakusema walikuwa wangapi. Alisema wengine ngozi ya mikono ilikuwa imebaki kwenye mawe walipokuwa wakikwaruza.

"Chini ya udongo," akasema, "milimita iko mutu." Kisha akashuka mezani, akamwita aliyekuwa akisinzia, akampiga.

Tulimwamini, na baadaye mtaa mzima ulimwamini, kwa sababu ya Jumatatu moja wachimbaji walipofukiwa si mbali na kwetu. Shimo lilijifunga na watu watatu ndani. Wa nne alikuwa ametoka kunywa maji, naye ndiye pekee aliyejua handaki lilivyokwenda, lakini alikuwa akigaagaa chini akililia ndugu zake. Mwalimu alimwinua kwa shati, akamzaba kofi la kwanza, kisha la pili.

"Utalia kisha. Sasa hesabu. Mulishuka hatua ngapi? Mulipinda mukono wa kuume ao wa kushoto?"

Yule kijana akahesabu huku damu ikimtoka puani. Mwalimu akachora nyuma ya kalenda, akapima pembe, akatoka nje, akatembea katika majani akihesabu kwa sauti, akachomeka mti ardhini. "Hapa." Walichimba pale, wakakuta mkono. Wawili walikuwa wameshakufa. Wa tatu alikuwa hai, mguu wake umesagika, naye ndiye mpaka leo anashona viatu kwenye soko la Manika. Basi ukiwa na mgogoro wa kipimo, unamwita nani mwingine?

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Watu wa mbali hawaelewi jinsi tulivyoishi. Mtaa wetu wa Dilala umekaa juu ya shaba na kobalti, na ilipojulikana hivyo, watu walianza kuchimba ndani ya viwanja vyao, nyuma ya jiko, chini ya kitanda cha watoto, popote. Sheria ya mtaa ilikuwa moja, na haikuandikwa: kila mtu achimbe chini ya lupango lake, yaani ndani ya ua wake. Ukivuka ua chini kwa chini ukachukua mawe ya mwenzako, wewe ni mwizi kuliko wezi wote, kwa sababu nyumba ya mwenzako inaweza kumezwa na watoto wake wamelala. Mwizi wa juu alipigwa. Mwizi wa chini alichomwa. Nilishaona mmoja akichomwa, nikiwa njiani kwenda kununua chumvi, na chumvi sikununua.

Kaka yangu alichimba nyuma ya jiko letu. Handaki lake lilishuka kwa mteremko mmoja ulionyooka, bila kupinda, kuelekea ua wa kushoto. Ng'ambo ya ua ule aliishi karani mstaafu, tuliyemwita Tata, yaani baba, na mkewe, watu wa kanisa, wapole. Dirisha la chumba chao cha kulala lilikuwa hatua moja tu kutoka kwenye ua, na kitanda kilikaa chini ya dirisha. Wiki mbili yule jirani alilalamika kwamba anasikia nyundo chini ya kitanda. Mkewe, ambaye masikio yake yalikuwa mazito, alisema hasikii kitu. Kaka yangu aliapa kwa jina la mama kwamba hajafika kwenye ua. Nilimwamini, nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza shule, nikamwona kaka kuwa mtu mkubwa.

Jumamosi moja, jua la saa sita, wakaja. Sijui nani aliwaita. Walikuwa sitini au zaidi, wengine niliwajua tangu utotoni. Walivuta nje kamba ya kaka, kamba ya nailoni yenye fundo kila mita, ambayo ilikuwa imefungwa mlangoni mwa shimo na kufika hadi mwisho wa handaki. Mafundo ishirini. Wakailaza juu ya ardhi kutoka mdomo wa shimo kuelekea kwa jirani. Fundo la kumi na nne liligusa ua. Yaliyobaki wakayarusha juu ya ua, wakayaingiza dirishani, na mwisho wa kamba ukalala katikati ya kitanda cha yule karani.

Walimvunja kaka meno ya mbele kwa sepeto. Wakamvisha tairi shingoni. Kijana mmoja mwenye kofia nyekundu akammwagia esansi, yaani petroli, kutoka kwenye bidoni ya plastiki, kichwani na mabegani, taratibu, kama anamwagilia mchicha. Mama alikuwa chini amemshika miguu na walikuwa wanamkanyaga mikono ili aachie. Nami nikakimbia kumwita Mwalimu, barabara tatu kutoka kwetu.

Alikuja na fulana ya ndani, mara ya kwanza kumwona bila shati, amebeba rula, ekeri na raporteri. Mtu akamtupia kipande cha tofali, kikampasua sikio. Hakusimama. Aliingia katikati ya watu akipiga viwiko kwa rula, huku akimwambia huyu na yule, "We! Nilikufundisha! Na we! Nilikufundisha pembetatu!" Na watu wazima, wenye ndevu na mapanga, wakaficha mikono nyuma.

"Nani alisema mulalishe kamba?" akapaaza sauti. "Kamba yenye inalala haiko kamba yenye inashuka! Kama munataka kuua mutu, muue. Lakini mupime kwanza."

"Pima mbio, Mwalimu," akasema yule wa kofia nyekundu. Kiberiti alikuwa nacho mkononi.

Alikuwa sahihi, Mwalimu. Handaki linaloshuka halifiki mbali kama urefu wa kamba yake. Kadiri linavyozama wima, ndivyo linavyokwenda kidogo kwa usawa wa ardhi. Kinachotakiwa ni kujua pembe ya mteremko, kisha kuchora pembetatu. Wawili walishuka na mwisho wa kamba mpaka ndani kabisa, wakaikaza. Mlangoni mwa shimo Mwalimu akaweka upande ulionyooka wa raporteri juu ya kamba iliyokazwa. Kutoka katikati ya raporteri akaning'iniza uzi wenye nati ya chuma.

"We, kamata nati isicheze," akaniambia.

Nikainama, nikaituliza nati, nikaachia. Uzi ukatulia kwenye hamsini na tano.

Raporteri ikiwekwa vile haikupi mteremko wenyewe. Inakupa kilichobaki mpaka tisini. Ni lazima utoe: tisini toa hamsini na tano, thelathini na tano. Kila aliyepita mikononi mwa Mwalimu alilijua hilo, kwa akili au kwa kiganja. Nikangoja atoe. Damu ya sikio ilikuwa ikimdondokea kwenye raporteri, akaipangusa kwa kidole gumba, akasoma kwa sauti kubwa ili wote wasikie.

"Mteremko, hamsini na tano!"

Nikafungua kinywa. Mbele yangu kaka alikuwa amepiga magoti, esansi ikimchuruzika kwenye viwiko, jicho moja limefumba kwa uvimbe, lingine likinitazama. Nikafunga kinywa.

Mwalimu akasawazisha mchanga kwa mguu na kuchora. Mita moja ya handaki iwe sentimita kumi mchangani. Akachora mstari wa ardhi, akaweka alama ya ua kwenye mita moja na sentimita arobaini. Akachora pembe ya hamsini na tano, akashusha mstari wa kamba, mita mbili. Kutoka mwisho wake akapandisha mstari kwa ekeri hadi kwenye mstari wa ardhi, akapima. Mita moja na sentimita kumi na tano.

"Hakufika," akasema. "Bado mita mbili na nusu afike ku lupango ya jirani. Mwenye hasadiki, apime."

Watu watatu wakapima. Mchoro ulikuwa safi, hauna kosa hata la unywele. Wakamvua kaka tairi.

Laiti wangekwenda zao! Lakini watu sitini waliokuja kuua hawarudi nyumbani mikono mitupu. Yule wa kofia nyekundu aligeuka, akamtazama karani aliyekuwa amesimama penye ua wake na Biblia kwapani.

"Kumbe njo we muongo! Ulitaka tuue mutoto ya batu bure!"

"Minasikiaka nyundo," akasema yule mzee. "Kila siku minasikia, kweli ya Mungu."

Pigo la kwanza lilikuwa la bidoni tupu. Kisha wakaangusha ua na kumvamia. Walimpiga kwa ile kamba yenyewe, wakimchapa na mafundo yake, walimpiga kwa tofali za jiko letu. Mkewe alitoka na kupiga kelele, lakini alikuwa akimpigia kelele mumewe: "Nilikuambia! Nilikuambia hakuna nyundo!" Mwalimu alijitosa kati yao na rula yake mpaka ikakatika vipande viwili mgongoni mwa mtu, nao wakamtupa pembeni. Waliposhiba wakaondoka. Yule karani alilala kwenye majani ya ua wake na jicho lake la kushoto lilikuwa limetoka.

Muda wote ule nilikuwa nimemkumbatia kaka, nguo zangu zikinuka esansi. Neno moja lingetosha. Ningesema, "Mwalimu, toa kwenye tisini." Wangemwacha mzee, wangemrudia kaka. Nilichagua, na sitamdanganya mtu kwamba nilishtuka au sikupata nafasi. Nafasi ilikuwepo, nikaiona ikipita, ikaja nyingine, nayo nikaiacha.

Kaka aliondoka kabla ya wiki kwisha, akaenda Kisenge kwenye mgodi wa manganizi, yuko huko na watoto wanne. Shimo tulilifukia. Karani alirudi kutoka hospitali na kitambaa usoni, mtaa ukampa jina la Muongo, hata watoto wakamwita hivyo mbele ya mkewe. Sisi alitusalimu kila asubuhi. Mama alimpelekea sombe Jumapili, naye alipokea kwa mikono miwili.

Na Mwalimu hakupiga tena. Shule ilinunua rula mpya, akaitumia kuchorea tu. Wanafunzi wakaanza kuleta mistari iliyokwenda kama njia ya mbuzi, naye akawa anaisahihisha kwa penseli nyekundu bila kusema kitu. Watu wakasema ni uzee. Mimi nilikuwa na maelezo yangu, na nilijivunia kuyajua peke yangu: kwamba mtu aliyenivunja kidole kwa milimita mbili alimzawadia kaka yangu digrii ishirini. Kwamba alidanganya kwa kusudi, ili asichomwe mtu, na uongo ule ulimwumiza mpaka akaweka fimbo chini. Nilimpenda kwa hilo. Miaka kumi na moja nilimpenda kuliko baba yangu mzazi. Nilipofungua chumba changu cha kuchora ramani za nyumba hapo Manika, nilimtaja kwa kila mteja.

Msimu wa mvua uliopita akaniita. Nilifika kwa pikipiki ya taksi-moto, nikaupiga teke mlango wake kama ilivyo desturi, nikamkuta ameketi kitandani, macho yote mawili yamefunikwa na utando mweupe. Alikuwa na daftari magotini.

"Soma hii ukurasa. Mi sioni tena."

Zilikuwa pembetatu mbili. Moja ya hamsini na tano, moja ya thelathini na tano. Katika ya pili mstari ulivuka alama ya ua kwa sentimita ishirini na nne, yaani karibu mita mbili na nusu ardhini, hadi chini ya kitanda.

"Niliichora ile magaribi, kisha ya ule muzee kupigwa," akasema. "Nilirudia mara tatu."

"Mwalimu, mi nilijua. Nilijua ulifanya kwa kusudi, juu ya kuokoa ndugu yangu."

Alinyanyua uso. Sijawahi kumwona amekasirika namna ile, hata zamani.

"Kwa kusudi? Mi nidanganye raporteri? Nilisikia harufu ya esansi, nikaona namba, nikaisoma. Nilisahau kutoa! Kama mutoto ya mwaka wa kwanza, nilisahau kutoa! Na kisha niliogopa. Ningesema, bangerudi kumuunguza ndugu yako. Siku ikapita, mwaka ukapita, nikaona haya." Akapumua. "Lakini we. Ulishika nati. Uliona?"

"Niliona."

"Ile saa ile?"

"Ile saa ile, Mwalimu."

Alinyanyua mkono, nami nikafumba macho nikingoja kofi. Naapa nililitaka. Mkono ukapapasa ukutani, ukatafuta fimbo ya kutembelea.

"Nipatie biatu. Twende kwake."

Tulitembea polepole, nimemshika kiwiko. Karani alitukaribisha ndani, akatupa viti, akaketi mwenyewe kitandani. Mwalimu hakuzunguka. Alisema alikosea kusoma, kwamba mteremko ulikuwa thelathini na tano, kwamba nyundo ilikuwa kweli chini ya kitanda kile alichokalia.

Mzee yule alitazama sakafu kwa jicho lake moja.

"Nilianza kusema pengine ni kichwa yangu," akasema. "Bibi yangu alikufa mwaka wa tatu kisha ya ile maneno. Siku ya mwisho aliniomba niungame ule uongo, juu tukutane mbinguni. Nikaungama. Nilimwambia nilidanganya. Nilitaka alale muzuri."

Mwalimu alikuwa akilia bila sauti, machozi yakipita katika ule utando mweupe. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Na nani mwingine alijua?" akauliza mzee.

"Hakuna," akasema Mwalimu. "Ni mi peke."

Hakunigeukia. Alisema haraka, kama mtu aliyekwisha kulipima neno lile njiani. Chumba kikanyamaza, na ule ukimya nikaujua. Nilishawahi kusimama ndani yake. Nikafungua kinywa.

Karani aliinuka, akamshika Mwalimu bega, akamwambia wamesikilizana, Mungu ameona. Kisha akaja kwangu na kunipa mikono yote miwili.

"Aksanti, mama, kwa kumuleta huyu muzee mpaka hapa. Uko na roho muzuri kama mama yako."

"Haina neno, Tata," nikasema.